Si mama yake yule

Jumanne. Joto limeikalia Maskati kama kifuniko cha sufuria, na mimi sikuamka vizuri. Nasema, mjukuu wangu Shamsa anaandika, skuli sikupelekwa. Nimemwambia asinipambie maneno.

Leo nna hasira.

Mwanangu Nasor kafa, tumemzika Qurayyat kwa wazee wa baba yake. Mkewe Yolanda, mtu wa Kolombia, yumo edani humu kwangu, miezi minne na siku kumi. Hatoki, hapaki wanja, hafukizi udi. Alisilimu kwa moyo wake, na eda anaikaa kwa moyo wake.

Kazi yake ni filamu. Usichanani alikwenda Marekani kuigiza, na kila alikoingia walimpa ufagio. Ama awe mtumishi, ama hawara wa muuza unga. Sura ile, akili ile, ufagio! Akachoka. Akakaa akaandika filamu yake mwenyewe, ya mama yake aliyewalea kwa cherehani. Aiongoze yeye, na huyo mama amuigize yeye. Kahangaika nayo mpaka wenye fedha wakakubali.

Nasor akafa.

Wakampigia simu: kazi inaanza, unakuja huji? Akawaambia nnakaa eda ya mume wangu, nisubirini. Hawakusubiri. Wakatafuta mwengine wa kuongoza na mwengine wa kuigiza.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba haendi. Nani mwengine humu ndani anamlilia Nasor kama ninavyomlilia?

Leo asubuhi wamemletea kipande walichopiga, eti naye aone. Tumekitizama jikoni. Mwanamke mdomo mwekundu, anatikisa kiuno, anatukana, watu wanamcheka. Mkononi kashika nini? Ufagio.

"Mama," akanambia kwa Kiswahili chake alichookota kwangu, "huyu si mama yangu."

"Hawana haya hawa. Wa kwako alikuwaje?"

Akabonyeza simu yake ipige filamu, akanipa niishike. Akenda penye meko pale, akafunua sufuria ya wali wa jana, akala kasimama. Haraka haraka, vitonge vidogo, jicho mlangoni, kama anaogopa watoto wataingia waone kilichobaki. Mgongo umepinda wa mtu aliyeinamia cherehani kutwa. Kila tonge moja anavikunja vidole na kuvikunjua, vimekufa ganzi. Uso mkavu, hauna wanja, hauna kitu.

Wallahi nilisahau kama ni Yolanda. Nilimuona mwanamke kachoka, hana wa kumwambia pumzika.

"Hebu kaa kitako ule, mwanangu!" nikapiga ukelele.

Sauti yangu imeingia mote. Tena kwenye picha nimemkata kichwa, simu nimeishika kwa mkono mmoja. Yolanda akacheka, mara ya kwanza tangu Nasor kufa. Kisha kicheko kikageuka, tukalia sote wawili pale sakafuni, wali umemwagika.

Filamu yake imekwenda. Haitorudi, sidanganyi mtu. Huko duniani watamjua mama yake kwa ule ufagio.

Lakini jiko lipo, na eda haijesha. Kesho nitaishika simu kwa mikono miwili, na mdomo wangu nitaufumba.