Kelele Niliyoifuta

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Siku sita tu! Jumapili redio yetu hapa Gitega ni muziki wa klasiki na maigizo kutwa nzima. Hakuna matangazo ya sabuni, hakuna salamu za wasikilizaji. Asubuhi fidla na piano za Ulaya. Saa tisa mchezo wa kuigiza kutoka Muyinga. Saa kumi tunafunga na inanga, ule ubao wa kamba wa jadi. Prosper, mkurugenzi wetu, anasema inanga ndiyo klasiki ya Warundi, kwa hiyo ameiweka mwisho, nafasi ya mgeni wa heshima.

Mpigaji ni marehemu Longino wa Gishubi. Mjane wake, Mama Ursula, alituletea kaseti mwezi uliopita, imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Alikimbia nayo vita kwenda Tanzania mwaka 1993, akarudi nayo. Longino alifia kambini 2004, na tangu hapo mama hajaisikia sauti yake, hana mashine ya kuchezea kaseti. Mlangoni alinishika mkono akasema Jumapili kilima kizima, majirani wote, kitakuja kwake kusikiliza.

Kaseti ilikuwa inavuma, shhh, shhh, mwanzo hadi mwisho. Leo nimemaliza kuisafisha. Nilichukua zile sekunde za mwanzo, kabla kamba hazijalia, nikaiambia kompyuta: hii ndiyo kelele, iondoe kote. Ikaondoka! Zimebaki kamba tupu, dakika saba, safi kabisa. Nimejipongeza kwa Fanta.

Kitu kimoja hakikwenda vizuri. Wakati wa kurudisha nyuma, mashine ilimeza utepe, ukatoka umejikunja na kukatika. Si neno. Muziki umo kwenye kompyuta.

Jumanne, 21 Oktoba

Sijala tangu mchana.

Prosper alikuja kusikiliza kazi yangu. Alifumba macho kama dakika mbili, kisha akavua hedifoni.

"Gaude, kamba niko nasikia. Sasa mutu mwenyewe iko wapi?"

Nikamjibu hakuna mtu, ni inanga peke yake. Akanitazama kama nimemwambia ugali hauna unga. Akakaa, akanieleza polepole. Mpigaji wa inanga hapazi sauti. Ananong'ona. Maneno yanapita chini ya kamba, na huo mnong'ono ndio wimbo wenyewe. Kamba zinamsindikiza tu.

Ile shhh.

Ile shhh ilikuwa Longino! Na zile sekunde za mwanzo, nilizoiambia kompyuta ndiyo kelele, alikuwa anawasalimu watu kabla ya kuanza. Nimechukua salamu ya mtu nikamfutia nayo.

Nimetafuta faili la kwanza kila mahali. Halipo. Diski ilikuwa imejaa, nikahifadhi jipya juu ya la zamani. Utepe nimeujaribu kwa gundi, unapiga kelele ya paka aliyekanyagwa mkia.

Ninajitetea hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, mwaka 1997. Nimekua na kwaya na bongo fleva. Inanga niliiona mara ya kwanza kwenye makumbusho ya hapa Gitega, nina miaka kumi na sita, ndani ya kioo. Ya kwenye kioo hainong'oni. Lakini si ningeuliza? Mtu mmoja tu, swali moja!

Prosper hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tukikosa kabisa tutajaza fidla, lakini Mama Ursula keshaalika kilima. Baadaye akageuza kasha la kaseti. Kuna muhuri nyuma: Hamadi, Muyinga. Akasema Alhamisi si naenda huko kurekodi mchezo? Basi nimuulize huyo Hamadi, kama bado yu hai. Na kumwambia Mama Ursula, akasema, ni juu yangu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Muyinga. Nalala kwa Fatouma, kiongozi wa kundi la maigizo. Mafuta ya gari hakuna, nimetoka Gitega alfajiri nimefika saa nane, tumebanana sita kwenye gari la wanne.

Na Hamadi yu hai! Ni baba yake Fatouma. Sikuhitaji hata kuuliza njia. Alikuwa uani pale pale, kofia kichwani, anafungua redio ya mtu kwa bisibisi. Zamani alikuwa na duka la kurekodi kaseti sokoni. Nilipotaja jina la Longino akacheka. Anamkumbuka: alikuja na wasindikizaji wa bibi harusi, mwaka 1989, akalala usiku mmoja, akarekodiwa asubuhi kabla ya chai.

Nikamweleza nilichofanya. Akaacha bisibisi.

"Mi nilitia mikro karibu na kinywa, si kwa kamba. Inanga iko nyingi. Pumuzi ya ule muzee iko moja tu."

Akaingia ndani, akatoka na katoni. Tumetafuta mpaka adhana ya alasiri. Tumeipata! Jina la Longino limeandikwa kwa kalamu ya bluu, ILE YA KWANZA. Tukaiweka kwenye mashine. Vigelegele, dufu, watoto wanalia. Arusi ya Fatouma mwenyewe, 2006. Hamadi alirekodi juu yake, kaseti mpya siku hizo zilikuwa hazipatikani tena.

Tulisikiliza upande mzima, tukageuza tukasikiliza wa pili. Arusi tu.

Mzee akasema basi tuko wawili, yeye kamfuta kwa furaha na mimi kwa usafi. Fatouma alimkatalia, akasema hakuna aliyejua. Akaniletea wali na maharage na kunilazimisha kula.

Mchezo tumerekodi jioni humo humo uani. Ni habari ya mama mkwe na vitenge vyake vilivyokwama mpakani Kobero, Fatouma ndiye mama mkwe, na anatisha! Katikati ya ugomvi lori likapita barabarani likinguruma. Wote wakanigeukia wakidhani nitasema tuanze upya. Nikawaambia waendelee. Lori nimeliacha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Njiani siku nzima. Mvua. Nimepanga namna kumi za kumwambia Mama Ursula kwa simu, na zote kumi ni za uoga. Mficha uchi hazai. Kesho naenda mwenyewe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimekwenda Gishubi kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Mama Ursula alikuwa barazani anachambua mbegu za maharage. Alifurahi kuniona, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Akanipa kigoda, akamtuma jirani ndizi za kuchoma. Majirani wameshafagia uwanja wa kesho. Redio iko mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Nilikuwa nimejipanga kusema kwanza. Badala yake nikatoa simu nikamchezea.

Alisikiliza dakika saba zote, mkono umetulia ndani ya ungo. Zilipoisha akasubiri, kama mtu anayengoja mgeni aliyebaki nje amalize kuvua viatu.

"Inanga nimeisikia, mwanangu. Longino yuko wapi?"

Nikamwambia. Yote: kelele, kompyuta, diski, utepe, na kaseti ya Hamadi. Nililia, naona aibu kuandika, maana aliyefiwa si mimi. Yeye hakulia. Aliendelea kuchambua, mbovu huku, nzima huku. Kisha akauliza nilizaliwa wapi.

"Mtabila, mama."

"Basi ungelijulia wapi?"

Hakuna aliyewahi kunisamehe kwa maneno machache namna hiyo. Sina hakika kama ndiyo alinisamehe.

Akanisimulia. Walipokimbia, inanga ilibaki ukutani, haikuonekana tena. Kambini Longino alikuwa anakaa mlangoni jioni, ubao hana, anapiga goti lake kwa vidole na kunong'ona. Watoto walikuwa wakimcheka, wanasema babu anasali rozari. Akanong'ona hivyo miaka kumi na moja, mpaka alipofariki.

"Kule alinong'ona bila inanga. Leo umeniletea inanga bila mnong'ono."

Nikamwambia Prosper yuko tayari kuondoa kipindi, ili yeye mama asiaibike mbele ya kilima. Aliuliza tu kama ni kweli saa kumi, na kama redioni wanamruhusu mtu kuingia na viatu vya matope. Nikasema wanamruhusu. Akanifungia ndizi.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa nne asubuhi. Tuko hewani! Fidla zimeanza. Watu wanapiga simu. Mmoja kauliza nani kafariki, mbona muziki wa msiba. Mwingine, mwalimu, kasema amefunga mlango asikilize peke yake, asisumbuliwe mpaka jioni. Prosper anatembea anatembea, amevaa tai.

Saa nane. Mama Ursula kafika! Katembea hadi barabara kuu, akapata lifti ya gari la mchanga. Kilima kakiacha nyumbani kwake na redio. Viatu kavivua mlangoni mwenyewe. Prosper kamwamkia kwa mikono miwili na kumuuliza anataka nini kifanyike. Kasema kwanza akae.

Saa tisa na dakika arobaini. Naandika kwenye meza ya mitambo, mchezo unakwenda wenyewe. Fatouma anafoka hewani nchi nzima, sasa hivi lori la Muyinga limepita. Zuri sana lile lori.

Mama Ursula yuko upande wa pili wa kioo, mbele ya maikrofoni, hedifoni juu ya kilemba. Kaniomba nimchezee kwanza zile kamba, ajaribu yeye tu, zisitoke hewani mpaka saa kumi. Nimemchezea mara ya kwanza, akasikiliza. Nimemchezea mara ya pili. Vidole vyake viko juu ya goti, vinapiga.

Midomo inatembea.

Sisikii kitu. Nimepandisha sauti ya maikrofoni yake. Bado. Nimepandisha tena, nikasikia chumba kizima: feni, kiti, mvua kwenye bati. Na chini ya hayo, shhh. Shhh. Prosper amesimama nyuma yangu, amevua tai. Ananiambia kwa sauti ndogo, desturi ya zamani inanga ilikuwa ya wanaume. Halafu anasema, endelea kupandisha.

Mama Ursula kaacha kunong'ona katikati, kasimama. Kagonga kioo kwa ukucha. Anauliza ile mashine ya kusafisha ni ipi. Nimemwonyesha kwenye skrini.

"Izime."

Nimeizima. Nimemgeuzia skrini aone kuwa imezimwa. Kakaa tena, kaivuta maikrofoni mpaka karibu iguse mdomo, kama Hamadi alivyoiweka.

Zimebaki dakika mbili. Mama mkwe kapata vitenge vyake, wanapiga vigelegele. Sijui kama kilima kitasikia chochote kwenye redio ndogo ile, na mvua hii. Sijui kama atanong'ona au atanyamaza na kuniacha na kamba tupu mbele ya watu wote.

Fatouma anasema neno la mwisho. Mkono wangu uko kwenye swichi ya taa nyekundu ya hewani. Mama Ursula amefumba macho, na kamba bado hazijaanza, lakini pumzi naisikia, ni zile sekunde za mwanzo, anawasalimu