Nozeli Iliyovishwa Shela

Jumatatu, 2 Machi
Mtambo umeshuka nguvu tena. Ejekta kazi yake moja tu — kutumia mvuke kufyonza hewa kwenye kondensa, tangi la kupoozea mvuke — na haifyonzi. Injinia Mkuu: "Ongeza mvuke." Kila siku ongeza mvuke! Nikamwambia nozeli, mdomo wake wa kupulizia mvuke, imelika, huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Akanikata jicho, akarudi kwenye simu yake.

Jumatano, 4 Machi
Tumeifungua ejekta, mimi na Babu Spana, fundi wetu mkongwe. Uchafu! Ute mweusi, unanuka yai viza. Tundu la nozeli limepanuka milimita tatu nzima. Babu anasema tangu mwaka juzi anapiga kelele. Tukachukua nozeli mpya stoo. Inang'aa. Nikaikwangua kwa ukucha — rangi ikabanduka, chini kutu. Kikongwe kavishwa shela! Aliyesaini kuipokea ni mtunza stoo, mume wa dada yangu. Nimetema mate palepale.

Alhamisi, 5 Machi
Tumechonga nozeli wenyewe, karakanani, kwa vipimo halisi. Tumefunga. Hewa inafyonzwa vizuri na mvuke unaotumika umepungua robo. Robo! Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunachoma mafuta bure.

Ijumaa, 6 Machi
Shemeji kaja nyumbani na dada. Kala, kashiba, kanawa. Ndipo akasema: shemeji, sisi damu moja, kwenye ripoti andika maji ya kupoozea yalikuwa moto. Hata hakupepesa macho. Dada kanivuta mlangoni: "Baba watoto akifungwa, utatulea wewe?" Nikajibu nitafikiria. Nifikirie nini? Hata mimi nimeanza kunuka.

Jumatatu, 9 Machi
Naandika chooni, kazini. Nimeomba dakika tano.
Mkuu kanipa ripoti. Chanzo cha tatizo: joto la maji. Nozeli haimo kabisa. Na chini — saini ya Babu Spana! Nilimtazama. Akawa anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. "Nimebakiza miezi minne nistaafu, mwanangu." Basi. Hakuinua uso.
Mkuu akanisukumia kalamu: "Bado wewe tu."
Pananuka. Si choo hiki.
Ripoti nimekuja nayo. Neno "maji" nimelikata kwa wino, mistari miwili. Saini bado.
Mlango unagongwa. Si Mkuu — ni sauti ya shemeji, ananiita kwa upole. Naacha hapa.