Matundu Manane Kwenye Taya

4 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ukiacha koo langu. Mama yako anakusalimu, na anasema umekonda, ingawa hajakuona.

Ndiye aliyenilazimisha kuandika. Miaka minne hujakanyaga hapa, na barua zako nimezihesabu: sita.

Nina uvimbe nyuma kabisa ya ulimi, sentimita tatu na nusu. Ni saratani. Daktari anasema kwa kupitia mdomoni haufikiki vizuri. Anataka apasue mdomo wa chini hadi kidevuni, akate taya kwa msumeno, azifungue nusu mbili kama milango ya kabati, autoe, kisha afunge. Mimi nina miaka thelathini na minane ya useremala, niliojifunza bila kushikwa mkono na mtu. Kitu ukikikata katikati hakirudi kilivyokuwa. Meno yakipishana milimita mbili tu, nitatafunia nini? Ufizi?

Nimekataa. Usinibembeleze.

Baba yako

10 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, na mwambie mama nimenenepa. Barua ni saba. Moja uliirudisha bila kuifungua.

Sikubembelezi. Nakukumbusha sanduku la mablanketi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulilijenga likiwa limefungwa pande zote, ukaniambia nikate kifuniko. Nikakata kwanza, ndipo nikatoboa pa bawaba. Kifuniko kikapishana milimita tatu. Ukaniambia mbele ya wateja, "Nenda katafute kazi ya kukunja mashuka."

Nikaenda. Miaka sita sasa ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na katika upasuaji huo wa taya nimesimamia vifaa mara kumi na moja. Mashuka nakunja pia.

Kabla hujakataa tena, muulize daktari swali moja: anatoboa kabla ya kukata, au baada?

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Habari za huko? Mama yako anauliza umenenepa kiasi gani.

Nimemuuliza. Kwanza alicheka, kisha akanitazama vizuri, akatoa taya la plastiki kwenye droo. Anapinda vibati viwili vya chuma hadi vilale sawasawa kwenye mfupa ukiwa bado mzima, anatoboa matundu manane, anavitoa, ndipo anakata. Akimaliza, kila skrubu inarudi tundu lake. Nikamuuliza msumeno unakula mfupa kiasi gani. Akasema chini ya milimita moja, na vibati vinabana pengo hilo.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Mzee mmoja aliyekuwa ananifokea mbele ya wagonjwa."

Nikasaini. Upasuaji ni tarehe 26. Safari ni ndefu, na wewe una kazi. Sikuombi uje.

Baba yako

11 Mei

Binti yangu,

Natumaini ulifika salama na wenzako kazini hawajambo. Sisi tunaendelea vizuri. Tundu la kupumulia nililotobolewa shingoni limepona. Maneno yanatoka, ila kama ya mlevi, na mama yako anasema hajawahi kunisikiliza kwa raha namna hii.

Majibu ya maabara yamekuja: kingo za nyama waliyoitoa zote safi, hakuna saratani iliyobaki. Imebaki mionzi, mara thelathini. Nimeshaenda nne.

Zile siku tisa ulizokaa nami, mimi nakumbuka sita. Sikuweza kusema, na kwenye kile kibao cha kuandikia niliandika "maji" na "dirisha" tu, kwa hiyo naandika sasa. Asubuhi moja ulidhani nimelala. Ulikuwa unakunja mashuka pale kwenye kiti. Kona kwa kona, binti yangu, hakuna iliyopishana. Nilitazama mashuka kumi na mawili.

Neno nililokwambia mbele ya wateja sikupaswa kulisema. Hata mbele ya watu wachache zaidi.

Juzi nilitaka kulirekebisha lile sanduku. Mama yako amekataa. Anasema zile milimita tatu zinapitisha hewa.

Daktari anasema taya limekaa vizuri, lakini yeye ndiye aliyelifunga, atasemaje? Nataka jicho lako. Nimeuma kona ya chini ya karatasi hii, meno ya mbele, juu na chini. Chukua rula upime, uniletee jibu wewe mwenyewe.

Baba yako