Mgombea Amegeuzwa Mke

Dada Generosa, shikamoo. Nisaidie kabla sijamjibu mtu vibaya.

Jumatatu hii, hapa Kahama, mwongozaji wetu Donatus alitangaza mbele ya kundi zima la waigizaji kwamba mgombea udiwani katika filamu yetu sasa ni mwanaume, Luka, na mimi niliyefanya mazoezi ya nafasi hiyo tangu mpunga unapandwa nitakuwa mke wake, nimpelekee maji jukwaani na kupiga vigelegele, na nilipouliza sababu akasema tukio kubwa la filamu ni mgombea kuzungumza na wachimbaji kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kule Nyarugusu, na mwenye duara, mzee Mayala, hataki mwanamke asogelee shimo maana dhahabu itakimbia, nami imani hiyo naijua, nimekulia huko, lakini hadithi yenyewe ni ya mama yangu mdogo Paskalia, aliyegombea kweli akashinda, mimi ndiye niliyewasimulia, yeye sikumuuliza, sasa hotuba zake amepewa Luka neno kwa neno. Luka akanitania, "Mama Diwani, ugali umeiva?" Wakacheka wote, hata wanawake wenzangu.

Mama mdogo kila siku ananiuliza filamu itatoka lini, nami namkwepa. Ijumaa tuna kikao, Jumamosi kamera zinakwenda Nyarugusu. Nikikataa nitaitwa mwenye kiburi, na kundi la kuigiza ninalo hili moja tu. Nikikubali, nitampigia vigelegele mtu aliyevaa maisha ya mama mdogo. Nifanye nini?

Niliyegeuzwa Mke, Kahama

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kukujibu nilimpigia simu mzee Mayala. Jina lako sikulitaja. Alisema: "Mwanamke asishuke shimoni, hilo nilimwambia huyo Donatus wa kamera na ninalirudia. Lakini kwenye kamba inayozunguka shimo, pale mama ntilie wanaposimama na masufuria kila mchana, nani kamkataza mtu? Hakuniuliza."

Imani ya mzee siitetei. Ila aliyekuondoa ni Donatus, kisha akajificha nyuma ya shimo la mtu mwingine. Wanawake wa Nyarugusu wanaponda mawe, wanalisha wachimbaji, wanapanga foleni ya kupiga kura, halafu filamu ya siasa inafika kwao na kuwakabidhi jagi la maji! Na huyo Luka anachekea ugali huku mdomoni ana maneno ya mwanamke.

Nawe una lako. Uliwapa maisha ya mtu mzima bila kumuuliza mwenyewe, na sasa unamkwepa kana kwamba aliyekosa ni yeye. Acha.

Nenda kwa Paskalia leo. Muombe radhi, kisha muulize alipokwenda kuomba kura kwa wachimbaji alisimama wapi. Shimoni hakushuka, asingeruhusiwa. Bila shaka alizuiliwa kwenye kamba, wapiga kura wakapanda juu kumsikiliza, na akashinda. Tukio ambalo Donatus analikimbia ndilo filamu yenyewe. Mwambie hivyo mbele ya wote, na wale wenzako waliocheka wasikie.

Nafasi ya mke usiichukue. Donatus akikataa, hadithi inarudi kwa mwenyewe pamoja na hotuba zake, na Luka atafutiwe za kwake. Kundi lingine utalipata, au utaliunda.

Kikao ni Ijumaa. Ingia na Paskalia, na yeye ndiye aanze kuzungumza.