Profesa Amelala Kwenye Usaili

Leo Jumatatu asubuhi nimemharibia binti yangu kazi, shemeji. Au profesa ndiye kaiharibu. Mimi nasema profesa.

Si unakumbuka ile kazi ya utafiti aliyoomba chuo kikuu, ya algoriti? Yaani wanatafutia kompyuta njia za mkato za kupiga hesabu. Usaili ulikuwa kwa video, hapa hapa sebuleni kwangu. Akanionya, "Baba, usiongee chochote." Nikakubali.

Mtoto kaeleza vizuri, ingawa sikuelewa kitu. Nikachungulia kioo cha kompyuta, namwona profesa mkuu, mwenye kuamua, kidevu kifuani. Amelala, shemeji. Amelala kabisa. Wakubwa ni walewale, hata yule daktari wa marehemu dada yako alikuwa anatupigia miayo.

Nikajikuta nimesema, "Mwanangu, unamhutubia mtu aliyelala."

Maiki ilikuwa wazi.

Profesa akashtuka. "Sijalala, natafakari." Wenzake wakaziba midomo. "Na huyo ni nani?"

Binti hakugeuka hata kidogo. "Ni fundi bomba, profesa. Samahani."

Fundi bomba. Mimi, ndani ya nyumba yangu, na vesti yangu.

Profesa akamwambia aanze upya. Safari hii alisikiliza macho yamemtoka kama kamwagiwa maji. Wamesema watamjibu.

Sasa kajifungia chumbani. Dada yako angekuwepo ningemtuma yeye akaulize. Nimesimama hapa mlangoni na kikombe cha chai kinapoa: mtoto kanikana ili apate kazi, au ananionea haya siku zote?