Nasari Inahama

Jumatatu, 3 Februari 2025
Watoto thelathini na wanne, mwalimu mmoja — yaani mimi. Sauti imekauka. Ubao umepasuka katikati, kila nikiandika "m" inavunjika mguu. Nimeandika tena barua ya kuomba uhamisho wa Garsen, ya tatu hii. Binti yangu Pauline yuko huko kwa mama. Ana miaka minne! Anafundishwa na mwalimu mwingine, na mimi huku nafundisha wa wenzangu. Jana kwenye simu aliniita shangazi. Nilicheka, kisha nikalia.

Jumatano, 5 Februari
Nyasi zimekwisha. Wazee wameamua: baada ya wiki mbili boma zima linashuka na ng'ombe upande wa Kilelengwani mpaka mvua inyeshe. Watoto wote wanaondoka. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo. Nilibaki miezi mitatu na madawati matupu, na waliporudi hata penseli walikuwa wanaishika kama mwiko. Tukaanza upya. Nimechoka na kuanza upya.

Ijumaa, 7 Februari
Kina mama wanasuka mikeka nyuma ya darasa tangu juzi. Kwa Waorma hawa nyumba ni kazi ya mwanamke: fito, mikeka, kamba, na inahama juu ya punda. Nikadhani kuna harusi, bibi arusi anatengenezewa nyumba.

Katikati ya somo akaingia Sadia, mama yake Jilo, ana kamba mkononi. Akaniomba nisimame wima. Akanipima toka kisigino mpaka utosini, akaenda zake. Watoto walicheka mpaka wakakohoa. Sikumuuliza kitu. Joto lilikuwa kali na miguu inaniuma.

Jumanne, 11 Februari
Nimepata! Barua imeletwa na bodaboda. Nasari ya mjini Garsen, walimu watatu, niripoti Jumatatu. Nimeisoma mara tano. Nikapiga simu ofisini kuuliza nani atakuja huku. Wakasema nafasi itatangazwa. Najua maana yake — kufuli mlangoni.

Nimemwambia mama, naye amemwambia Pauline. Nina furaha, siwezi kujidanganya. Miaka mitano nimekaa hapa, nani atanilaumu?

Jumatano, 12 Februari
Nilikuwa nimepanga kuwaambia kina mama asubuhi, wanapoleta watoto. Sadia akanitangulia. Akasema mikeka ile si ya harusi.

"Mwalimu, hii nyumba yako. Sisi naenda, wewe naenda na sisi. Maji tachota sisi. Watoto nasahau tena, hapana, hiyo tumekataa."

Kumbe zamu za maziwa yangu zimeshapangwa, kila siku nyumba moja. Hata punda wa kubeba ubao ameshachaguliwa.

Nilikasirika. Mbona hawakuniuliza kwanza? Nani amewaambia mimi ni mzigo wa kufungwa juu ya punda? Nina mtoto mimi! Hayo yote yalikuja mpaka mdomoni. Nikamwambia tu kipindi kimeanza.

Alhamisi, 13 Februari
Sijasema. Kichwa kinauma.

Ijumaa, 14 Februari
Wameisimamisha ile nyumba uwanjani kuijaribu kabla ya kuifunga. Kubwa kuliko nyumba zao. Nikauliza kwa nini. Sadia akanitazama kama mjinga: watoto wakae wapi jua likiwa kali?

Wakawa tayari kukata mlango. Kwao mwenye nyumba ndiye anayesema uelekee wapi, basi wote wakanigeukia, wakangoja. Barua iko kwenye mkoba, mkoba uko begani. Hapo ndipo ningesema. Nikachungulia ndani. Watoto walikuwa wameshakaa, mistari miwili, mikono magotini, bila kuambiwa na mtu.

Nikanyoosha kidole magharibi, jua la asubuhi lisiwachome macho. Wakaanza kukata.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, jioni. Mama amepiga simu mara mbili. Saa hizi huwa ni Pauline anayetaka kuongea. Sijapokea.