Taa ya Njano ya Faustin

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimelehemu tangu asubuhi. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika. Joto la kungoja mvua. Vidole vinanuka risasi iliyoyeyuka.

Taa mbili za mfano ziko tayari. Moja ina LED za njano, nyingine nyeupe. Kwenye mfuko wa njano wameandika 2700, kwenye ule mwingine 6500. Namba ikipanda, mwanga unakuwa mweupe, mkali, mpaka unakaribia bluu. Faustin, marehemu mume wangu, alinifundisha hayo. Kibanda hiki cha kutengeneza redio kilikuwa chake. Sasa ni changu, hapa hapa mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi.

Taa ni ya shirika letu la parokia. Tumeichora pamoja, sisi akina mama: mpini wa waya, mwili wa bomba la plastiki, kipande cha sola juu. Ni ya wanaolala porini njia ya Kasomeno, majira ya uyoga na viwavi, au lori linapokwama. Kimebaki kitu kimoja tu, rangi ya mwanga. Tutaagiza aina moja kwa taa zote.

Mimi nataka njano. Béatrice anataka nyeupe. Kwa hiyo nataka njano mara mbili.

Jumatano, 22 Oktoba

Kikao. Béatrice alikuja na samaki mkavu kwenye karatasi. Ni wifi yangu, dada wa Faustin. Anauza samaki na viwavi sokoni Ruashi, na akina mama wa biashara wanamfuata kama vifaranga.

Akaweka samaki chini ya taa yangu ya njano, halafu chini ya nyeupe.

"Muangalie," akasema. "Mu jaune, samaki yote iko muzuri. Mu mweupe, unaona ile yenye kuoza. Sasa muntu wa biashara atachagula gani?"

Wakacheka. Mmoja akasema ile ya Mama Godé iko ya kulalia. Mama Godé ndiye mimi. Nami nikacheka, mpaka mashavu yakauma.

Nilitamani kumpiga na yule samaki.

Ijumaa, 24 Oktoba

Niandike, labda roho itatulia.

Siku ile Faustin alikuwa amezikwa juzi yake. Bado tulikuwa tunalala nje uani, kwenye mikeka, watu wa kilio wamejaa. Ndugu zake wakaingia ndani. Wakatoa kitanda. Televisheni. Friji. Sahani zenye maua ya bluu, zawadi ya arusi yetu. Desturi, walisema. Mali ya ndugu yao. Mimi nimekaa chini na kitambaa kichwani, naangalia miguu yao ikipita.

Béatrice alitoka wa mwisho. Ameshika taa ya mezani.

Taa hiyo Faustin aliitengeneza mwenyewe. Kofia ya shaba aliyoigonga kwa nyundo ndogo, balbu ya njano ndani. Alisoma chini yake. Alikula chini yake. Wiki zake za mwisho hakutaka mwanga mwingine wowote, alisema ule mweupe unamfanya ajione yuko hospitali tayari.

Kitanda nimekiacha kiende. Friji pia. Taa, moyoni, sijaiacha iende.

Ndiyo maana nataka njano. Si macho, si usingizi, kama ninavyowaambia kwenye kikao. Nataka Béatrice akilala porini awashe mwanga wa nyumba yangu. Aukodolee macho. Akumbuke alichobeba. Kila jioni ya biashara yake, mpaka azeeke.

Jumapili, 26 Oktoba

Misa. Wakati wa kupeana amani akageuka kunipa mkono. Nikampa ncha za vidole.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimefagia kibanda. Chini ya balbu nyeupe, wadudu wakavu wamejaa kama makapi ya mpunga. Chini ya ile ya njano, mmoja mmoja.

Nikasimama na fagio. Nikaanza kucheka peke yangu.

Shirika limekubali kulala nje tarehe saba, kujaribu taa zote mbili kabla ya kupiga kura. Kwenye kiwanja wanapolaza malori, njia ya Kasomeno. Atakayezitundika ni mimi. Nyeupe itakaa kwa Béatrice, juu kabisa ya mkeka wake na sufuria yake. Anaipenda, basi apewe. Nataka wadudu waingie kwenye nywele zake, kwenye nguo yake, kwenye mchuzi wake. Nataka aruke mbele ya wote. Baadaye atuelezee habari za samaki.

Nimelala vizuri leo mchana. Muda mrefu sijalala hivyo.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya wafu. Nimefika makaburini na jembe na ndoo. Kaburi la Faustin limeshalimwa, limeshamwagiwa maji, maua yamewekwa. Béatrice. Hata huku amenitangulia.

Nikayasogeza maua yake pembeni, nikaweka yangu katikati. Nikamwambia Faustin ninachopanga. Hakunikataza.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi. Nguo zina matope. Sijui nianzie wapi.

Jana tumepanda lori na mikeka na masufuria. Mchana mvua ikashuka. Mvua ya kwanza, nzito, yenye harufu ya udongo. Tukajikunyata chini ya turubai. Jioni ikaacha. Nikatundika taa. Ya njano upande wangu, karibu na mti ulioanguka. Nyeupe juu ya Béatrice. Akaniambia aksanti. Nikamjibu kwa upole mkubwa.

Giza likaingia. Nikakaa kwenye mkeka, mikono magotini. Mdudu mmoja. Wawili. Halafu ardhi yote ikafunguka.

Inswa.

Kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Mimi, niliyezaliwa Lubumbashi, niliyekimbia na beseni chini ya taa za barabarani tangu sijaota meno yote, nikawasahau inswa. Nilikuwa nawaza mbu na mende tu. Chuki imenifanya mjinga.

Wakaja kama moshi, wote kwenye mwanga mweupe. Wakaingia kwenye nywele zake, ndiyo. Kwenye nguo yake. Kwenye sufuria yake. Akaruka mbele ya wote, ndiyo. Kwa furaha.

"Bamama, mulete mabeseni! Mutie mayi!"

Wakakimbia wote. Hata wale wa upande wangu. Maji kwenye mabeseni, taa juu, inswa wanaanguka, mabawa yanaelea. Waliimba. Walimpigia Béatrice vigelegele kana kwamba yeye ndiye aliyewaita kutoka ardhini. Na mimi ndiye niliyeitundika ile taa, kwa mikono yangu hii.

Nimebaki na njano yangu. Mdudu mmoja mwekundu akizunguka. Nililia kidogo, kwa hasira.

Baadaye Béatrice akaja na ungo wake. Akakaa karibu na taa yangu, akawa anapepeta mabawa. Nikangoja anicheke. Alipomaliza hakuondoka. Aliangalia tu ule mwanga. Nikamgeuzia mgongo, nikajifunika.

Jumapili, 9 Novemba

Kura, baada ya misa. Nyeupe: mikono juu, msitu mzima. Wengine bado wanatafuna inswa.

Njano. Nikanyoosha wangu. Peke yangu, nilidhani. Kichwa juu, sina haya.

Halafu watu wakageuka kuangalia nyuma. Mkono wa pili ulikuwa wa Béatrice.

Wakamuuliza kama amesikia vibaya. Akasimama.

"Nimesikia. Mweupe iko ya kazi, sikatae. Lakini taa ya kaka yangu iko kwangu. Kila mangaribi naiwashaka, nakaa nayo kidogo. Ile siku kule mu pori, niliona sawa vile Faustin njo anakaa pale kwa Mama Godé. Basi miye, jaune."

Akakaa. Hakuniangalia.

Mikono miwili katika ukumbi mzima. Wangu na wake. Nyeupe imeshinda.

Nilitaka auone mwanga huo kila jioni. Kumbe anauona kila jioni, tena kwa kupenda kwake, na anamlilia mtu yule yule. Nimetembea mpaka nyumbani sijui nimepita wapi. Namchukia zaidi ya jana. Taa alibeba. Sasa amebeba na kisasi changu.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua tangu asubuhi, ya polepole. Nimeanza kulehemu zile nyeupe. Kazi ni kazi. Taa ya mfano ya njano hakuna aliyeiulizia, nimeileta nyumbani. Iko mezani, pale pale palipokuwa na ile ya Faustin.

Jioni Béatrice amepita. Hakuingia, alikuwa amelowa. Amenipa bakuli la inswa waliokaangwa, lina joto bado, limefunikwa na sahani. Aliiona taa mezani kupitia mlangoni. Akasema mvua itaendelea. Nikasema ndiyo. Akaenda.

Sahani ina maua ya bluu.

Sijui kama alifanya makusudi au aliokota tu iliyokuwa karibu. Sikumuita kumuuliza.

Nimekula inswa wote chini ya mwanga wa njano. Chumvi imekaa sawa. Watamu, na hilo limeniuma.

Nimeosha vyombo. Bakuli nitamrudishia, na kitu ndani, kama desturi. Sahani nimeiweka kabatini kwangu.